Kura za Chumba cha Tatu

Asubuhi ya kupiga kura mke wa Seremala alipiga pasi sakafuni. Meza yake ya pasi, ile pana aliyotengenezewa na mumewe mwaka waliooana, ilikuwa imekaliwa na mabango, kopo la gundi, vikombe vichafu na kofia ya mtu asiyejulikana. Kwa wiki tisa meza hiyo ilikuwa mali ya kampeni. Akatandika blanketi chini, akapiga magoti, akaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, kama alivyonyoosha mashati ya watu kwa miaka kumi na minne. Magoti yalimuuma. Hakusema kitu, maana nyumba ilishajaa watu na kila mtu alikuwa na la kusema.

Mumewe alizunguka sebuleni na fulana ya ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaa, akainuka, akachungulia dirishani, akauliza saa, akaambiwa, akauliza tena.

"Shati bado?"

"Bado mkono mmoja."

"Mheshimiwa asichelewe," akasema Katibu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa. Chama kilishakufa, cheo kikabaki. Sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wa kampeni, na alikuwa amekalia kifurushi cha nguo za mteja kana kwamba ni mto.

"Katibu, hizo ni suruali za watu," mke wa Seremala akamwambia.

"Samahani, mama." Akasogea, akakalia kifurushi kingine.

Kata yenyewe ilikuwa changa. Ilikuwa imemegwa mwaka huohuo kutoka kata kubwa ya mjini: mitaa minne ya nyumba zisizopakwa rangi, barabara moja ya vumbi, shule moja, zahanati moja yenye dawa siku za wageni. Wapiga kura hawakufika mia saba, na wote walipigia kura hapo shuleni, katika vyumba vitatu. Wagombea wa udiwani walikuwa wawili tu. Mmoja ni Seremala. Mwingine ni mwenye kiwanda cha matofali, ambaye watu walimwita Bosi mbele yake na Tofali Bichi akishapita.

Seremala hakuwa mtu mbaya, na hili lisemwe mapema. Choo cha shule kilipobomoka na baraza la mji likaleta barua badala ya mafundi, ni yeye aliyekisimamisha kwa mbao zake. Watu wakasema: simama wewe. Wakasema mara ya pili, wakasema ya tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kabla ya mwezi kwisha karakana ilikuwa imefungwa, vitanda viwili vya wateja vimeegemezwa ukutani bila miguu, na mwenyewe akiitwa Mheshimiwa anageuka.

Sasa, chumba cha tatu. Siku ya mwisho ya kujiandikisha, Seremala, ambaye hafanyi kazi nusu nusu, alipita nyumba kwa nyumba akawazoa wavivu wote wa kwake. Mkewe, aliyekuwa na mabeseni mawili ya mashuka. Mama yake mzazi. Mdogo wake na mke wa mdogo wake. Katibu, ambaye alikuwa amehimiza mtaa mzima akajisahau mwenyewe. Jirani yao mjane. Mafundi wawili wa karakana. Mwenye duka na mkewe. Na mwenye pikapu iliyowabeba wote. Walipofika, karani alikuwa ameshafunga daftari kubwa, akanung'unika, akafungua dogo la nyongeza. Nyuma yao likaingia lori la Tofali Bichi na wafanyakazi wake kumi na wawili. Daftari likafungwa hapo. Ndivyo watu ishirini na watatu walivyopata chumba chao wenyewe.

"Kumi na moja zetu, kumi na mbili zao," Katibu alipenda kusema, akigonga daftari lake kwa kalamu. "Chumba cha tatu matokeo yake tunayo mfukoni. Tupambane na viwili vilivyobaki."

Na asubuhi hiyo Seremala, alipovaa shati likiwa bado na joto la pasi, alimshika mkewe bega mbele ya watu wote akasema, "Hawa kumi na mmoja ndio mtaji wangu. Wengine watanidanganya, hawa hawawezi."

Mkewe akainama kuchomoa pasi kwenye umeme.

*

Yaliyokuwa moyoni mwake yalianza wiki mbili nyuma, katika mkutano uliofanyika uani kwao. Watu walikaa chini ya kamba zake za kuanikia, wengine wakisogeza mashuka kwa mikono ili wamwone mgombea. Seremala alizungumza vizuri siku hiyo. Alisema kuhusu barabara, akasema kuhusu zahanati, akashangiliwa. Halafu, kwa sababu makofi yana ulevi wake, akamwonyesha mkewe kwa kidole.

"Mnamwona huyu? Mikono yake imechubuka kwa sabuni. Nikipita, siku hiyohiyo nazitoa kamba hizi. Mke wa diwani hafui nguo za watu!"

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Wanawake walimpigia vigelegele. Jirani mjane alimkumbatia na kumwambia ana bahati. Naye akatabasamu, afanyeje. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia sabuni. Kazi ile aliianza na beseni moja la kuazima, na sasa alikuwa na wateja ishirini na saba, kila mmoja na rangi yake ya uzi aliyoshona ndani ya kola ili nguo zisipotee. Akiona uzi wa kijani anajua ni mwalimu mkuu, asiyetaka wanga kwenye mashati. Wa njano ni muuguzi wa zahanati. Mtu akimwita Mama Pasi barabarani, aliitika kwa moyo mweupe.

Kesho yake muuguzi alikuja kuchukua sare zake zote, na zile zilizokuwa bado zimelowekwa.

"Nimesikia unaacha kazi, Mama Pasi. Hongera. Nimeshapata dobi mwingine kule ng'ambo, nisije nikakwama."

"Sijaacha."

"Mume wako amesema mbele ya watu," muuguzi akamjibu kwa upole, akakamua gauni lake mwenyewe palepale uani, akaondoka na mfuko unaodondosha maji.

Akafuata mwalimu mkuu. Wakafuata wengine, kila mmoja na hongera yake. Kufikia siku ya kura walibaki wanne. Jioni moja alijaribu kumwambia mumewe, akamngoja amalize simu ya kwanza, na ya pili. Kabla ya ya tatu Seremala akamwambia tutaongea baada ya uchaguzi, mke wangu, sasa hivi kichwa kimejaa. Watoto wao wawili walishapelekwa kwa shangazi yao ili chumba chao kihifadhi fulana za kampeni, kwa hiyo hata wa kumnung'unikia hakuwepo.

*

Foleni ya chumba cha tatu ilikuwa fupi ya kuchekesha. Vyumba vingine viwili watu walipanga mstari hadi getini. Hapa palikuwa na wale kumi na mmoja, na wale kumi na wawili wa kiwandani, viatu vyao vina vumbi la saruji. Wakasalimiana. Mmoja wa wale wa kiwandani, mwanamume mrefu mwenye kikohozi, alimpisha mama mkwe apite mbele.

Karani akamchovya mke wa Seremala kidole kwenye wino, akampa karatasi. Nyuma ya boksi lililotumika kama pazia palikuwa na kalamu iliyofungwa kamba, fupi mno, ikamlazimu kuinama. Mumewe alimtazama kutoka kwenye karatasi akiwa na tai ya kuazima kwa mdogo wake. Pembeni yake, Tofali Bichi alikuwa amenuna kama anayedaiwa.

Kumpa Tofali Bichi hakuwahi kufikiria, mkono ungemkatika. Lakini kila aliposogeza kalamu kwenye kisanduku cha mumewe, alivisikia vigelegele vya ule mkutano, akaona kamba zinashushwa, akamwona muuguzi akikamua gauni. Akajikaza kisabuni, akasogeza tena kalamu, akashindwa. Nje mtu alikohoa. Akawaza: wako kumi wengine. Kumi zinamtosha. Mimi simnyimi, ila simwongezei tu. Akaikunja karatasi nyeupe kama alivyopewa, akaitumbukiza.

Alipotoka alijihisi mwepesi kwa hatua kama nane hivi. Halafu aibu ikampanda kifuani. Alimngoja mama mkwe, ambaye alitoka akipangusa macho akasema ni vumbi. Shemeji yake, mdogo wa Seremala, alitoka akiusifia upepo, wakati hapakuwa na upepo. Jirani mjane akasema "Tayari!" bila ya kuulizwa. Katibu alikaa nyuma ya boksi muda mrefu hadi karani akamuuliza kama anaandika barua. Siku nyingine angeyatilia shaka haya yote, lakini mwenye kuficha jambo hana muda wa kumchunguza mwenzake.

"Vipi?" Seremala akawauliza getini, akiwa ametoka kupiga yake katika chumba cha kwanza.

Wote wakamwonyesha vidole vyenye wino.

*

Mchana ule haukwisha. Seremala alikataa kula, kisha akala viazi vilivyopoa akiwa amesimama. Alitoka uani, akarudi, akafungua hotuba yake ya ushindi akaikunja, akaifungua tena, hadi karatasi ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Mama yake alimwambia akae. Akakaa. Akainuka. Kila simu ilipoita watu kumi waliinua shingo, na mara nne ilikuwa ni mtu anayeuliza kama na wao wamesikia lolote.

Hapakuwa na aliyetulia. Shemeji alichana kijiti cha meno hadi kikawa nyuzi. Mafundi wawili waliondoka kwenda kuangalia karakana iliyofungwa, wakarudi, wakaenda tena. Mwenye duka alisema anarudi dukani mara moja, mkewe akamshika shati akamwambia huendi kokote, tukae wote.

Saa kumi na moja kasoro ikaja simu ya chumba cha kwanza. Katibu aliweka simu sikioni, akaandika, akasoma kwa sauti ya kanisani: Seremala mia moja sabini na moja, mwenzake mia moja sitini na tatu. Kelele zikazuka. Baada ya robo saa ikaja ya cha pili: mia moja arobaini na nane, kwa mia moja hamsini na mbili. Katibu akajumlisha kwenye daftari mara mbili, akavua miwani.

"Tunaongoza kwa nne. Bado chumba cha tatu. Kumi na moja zetu, kumi na mbili zao. Waungwana, tunashinda kwa tatu."

Mke wa Seremala alijumlisha kichwani upesi, kama anavyojumlisha vipande vya kifurushi. Kumi kwa kumi na mbili: tunashinda kwa mbili. Akashusha pumzi. Pale mlangoni alimwona shemeji yake akikunja vidole nyuma ya mgongo, kimoja kimoja, naye akashusha pumzi. Mama mkwe alikuwa anatembeza midomo kimyakimya, akadhani anasali.

Seremala hakusubiri. Roho yake ilikuwa juu juu tangu alfajiri na mikono ilimwasha kwa kukosa kazi wiki tisa. Akaingia chumbani akatoka na koleo la kukatia waya, akaenda uani, watu wakamfuata.

"Nilisema siku hiyohiyo," akatangaza. "Mimi nikisema, nimesema."

"Ngoja kwanza matokeo," mkewe akamwambia kwa sauti ya chini. "Kuna mashuka ya watu."

"Matokeo si unayajua?"

Akakata kamba ya kwanza ya waya. Mashuka manne ya mteja wake, meupe, yakalala kwenye vumbi mbele ya miguu ya watu. Mtu mmoja alipiga makofi, wawili wakafuata, halafu makofi yakafa kama yaliyoona haya. Mke wa Seremala akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile. Akayakusanya shuka moja moja, akayakung'uta, akaona alama ya kiatu kwenye pindo la tatu. Mumewe alikuwa anamtazama akitabasamu, mikono imefunguka, kama mtu aliyetoa zawadi na anasubiri kuambiwa asante. Hapo ndipo alipomchukia kidogo, na ndipo alipomwonea huruma zaidi kuliko siku zote. Akaenda kuyaloweka upya.

*

Wakala wao wa chumba cha tatu hakupokea simu. Katibu akamwita mara tano, kisha akavaa kofia akaenda shuleni kwa miguu. Kutoka pale hadi shuleni ni dakika sita. Alichukua karibu saa nzima. Aliporudi jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa wamejazana sebuleni, na hakuna aliyemshangilia, kwa sababu alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Soma," Seremala akasema.

"Nisome mbele ya wote?"

"Hawa ni wangu. Soma."

Katibu akasoma. Chumba cha tatu. Waliojiandikisha ishirini na watatu, waliopiga kura ishirini na watatu. Mwenye kiwanda, kura kumi na moja. Seremala, kura moja. Zilizoharibika, kumi na moja.

"Moja nini?" Seremala akauliza. "Kumi na moja?"

"Moja."

"Rudia."

Akarudia. Akaongeza kwa sauti iliyokauka kwamba jumla ni mia tatu na ishirini kwa mia tatu ishirini na sita, na kwamba msimamizi ameshatia sahihi, na kwamba kule kiwandani wameshaanza kupiga honi za lori. Honi zilisikika hata pale.

Seremala akakaa. Kwa mara ya kwanza siku ile alikaa na hakuinuka.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa mdogo wake. Alisogea akamshika goti. "Kaka, ile moja ni yangu. Hao wengine sijui, lakini ile ni yangu, haki ya Mungu."

"Yako?" mama yao akamgeukia. "Mimi ndiye niliyemzaa. Ile ni yangu mimi, na nimeipiga nikitetemeka."

Mke wa shemeji akasema hapana, mama, na yeye alipiga. Jirani mjane akaapa kwa kaburi la mumewe. Mwenye duka akasema yeye na mkewe wote walimpigia, halafu akagundua kwamba kura ni moja, akasema basi ni ya mkewe. Mafundi wakasema kwa pamoja kwamba mtu hawezi kumkata mwajiri wake. Mwenye pikapu akauliza kama mnadhani nilichoma mafuta yangu bure. Katibu, aliyekuwa bado ameishika karatasi, alikohoa akasema wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako, lakini kwa upande wake dhamira yake ni safi, na kama msimamizi wa kampeni ni dhahiri kwamba kura ile haiwezi kuwa ya mwingine. Kwa muda mfupi kura moja ikawa na wenyewe kumi, kila mmoja akimkazia macho mwenzake, na sauti zikaanza kupanda.

Mke wa Seremala alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Yeye peke yake hakuwa amesema kitu. Alikuwa anahesabu. Kazi ya dobi ni kuhesabu: kumi na moja zimeingia, kumi na moja lazima zitoke, la sivyo utalipa. Akahesabu mara moja, akaona amekosea, akahesabu tena.

"Nyamazeni," Seremala akasema.

Wakanyamaza.

"Msigombane. Hiyo moja naijua ni ya nani." Akainua mkono, ule wenye kidole cha wino, akamwelekezea mkewe. "Hakujipiga kifua, hakuapa. Miaka kumi na minne namjua. Nyinyi nendeni makwenu. Mimi nimebaki na mke wangu, na kura yake, na vinanitosha."

Macho yote yakamgeukia. Hapakuwa na hata mmoja aliyebisha. Kwa kweli walionekana kupata nafuu, kama watu waliotolewa mzigo. Mama mkwe alimtikisia kichwa polepole: pokea, mwanangu, pokea mambo yaishe. Na ilikuwa rahisi. Angenyamaza tu. Mumewe angelala na kitu cha kushika, kesho angefungua karakana, na yeye angefunga waya mpya. Alimtazama usoni akaona jinsi alivyokuwa ameshikilia hiyo moja kwa nguvu zake zote.

"Si yangu," akasema.

"Usione aibu mbele yao..."

"Si yangu, baba watoto. Sikukupigia. Niliikunja nyeupe nikaitia." Akaweka beseni chini. "Wala si ya yeyote humu ndani. Zilizoharibika ni kumi na moja. Na sisi tuliokwenda na pikapu ni wangapi?"

Katibu akaangalia karatasi kana kwamba ingebadilika.

Seremala aliwatazama mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama anavyokagua mbao kama zimepinda. Mdogo wake akainamisha kichwa. Akasema, bila ya kuulizwa, kwamba alidhani kumi zitatosha. Kwamba maisha yote ameitwa mdogo wake Seremala, na hakutaka kuzikwa akiitwa mdogo wake Mheshimiwa. Jirani mjane alisema kwamba mlango wake mbovu hutengenezwa na Seremala tu, akiitwa usiku au mchana, na madiwani hawaitwi. Fundi mmoja alisema karakana ikifungwa wao watakula wapi. Mama yake Seremala akasema, "Tangu uanze haya, mwanangu, hujaniuliza hata mara moja kama nimeamka salama," na akainuka kutafuta viatu vyake. Wakatoka mmoja mmoja hivyohivyo, wakipishana mlangoni bila kuagana. Katibu ndiye wa mwisho. Aliiacha karatasi juu ya kiti, akaifikiria, akarudi akaigeuza kifudifudi.

Wakabaki wawili. Honi za lori zilikuwa zinazunguka mtaa wa tatu, zinakuja.

"Basi ile moja ni ya mtu wa kiwandani," Seremala akasema baadaye. "Mtu asiyenijua."

"Ndiyo."

"Amekula mkate wa Tofali Bichi, akanipa mimi. Na nyinyi..." Akaziba uso kwa mikono yake mikubwa, akalia, na mkewe akamwacha alie. Alitaka kumgusa lakini hakujua kama bado anaruhusiwa. Lori lilipita mbele ya nyumba, likapunguza mwendo kusudi, wakapiga honi ndefu, wakacheka, wakaenda zao.

Alipofunua uso alikuwa na macho mekundu na hakuwa Mheshimiwa tena, wala hakuwa na hasira aliyoitegemea mkewe.

"Kama hukutaka, si ungeniambia? Mke wangu, si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia," akamjibu, "ungesikia?"

Seremala akafungua mdomo ajibu haraka, kama alivyozoea kuwajibu watu wiki zote hizo. Akaufunga. Mkewe akasimama palepale akisubiri, maana safari hii alilitaka jibu lenyewe.

"Hapana," akasema. "Nisingesikia."